Je, wajua kwa nini nyenje anatakiwa ashibe kwanza kabla mjusi hajamla?

Wafugaji wengi wa mijusi na vinyonga wanahangaika sana na taa, joto na tanki zuri, halafu nyenje wenyewe wanakaa kwenye kopo siku kadhaa bila chakula, wanamwagwa ndani hivyo hivyo, na baadaye mtu anashangaa mbona mnyama anakula vizuri kila siku lakini miguu inaanza kupinda. Hapo tatizo mara nyingi sio idadi ya nyenje, ni kilichomo tumboni mwao.

Nyenje hana mifupa, na hapo ndipo shida yote inapoanzia. Mnyama anayekula panya anapata kalsiamu kutoka kwenye mifupa ya panya, ila ganda la nyenje limejengwa kwa kaitini (kitu kigumu kinachounda maganda ya wadudu) na protini, kalsiamu humo ni kidogo sana. Mbaya zaidi fosforasi ndiyo imejaa, inazidi kalsiamu mara kadhaa, wakati mjusi anahitaji kinyume chake kabisa, yaani kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Sasa kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili haukai kusubiri, kuna tezi ndogo shingoni zinatoa homoni inayoamuru kalsiamu ichukuliwe kutoka kwenye mifupa ya mnyama mwenyewe. Ndiyo maana unaona taya linakuwa laini kama mpira, miguu inapinda, anatetemeka, na akifika hapo ni daktari wa mifugo, sio kuongeza nyenje.

Dawa yake ni kumgeuza nyenje awe mfuko wa kubebea chakula. Unamlisha chakula chenye kalsiamu nyingi saa 24 hadi 48 kabla hajaliwa, na huo muda una sababu yake, ukimtoa mapema mno utumbo haujajaa, na ukimlisha halafu ukakaa naye siku nyingine mbili tatu hana kitu, vyote vimeshatoka kama kinyesi. Halafu kitu ambacho wengi hawaambiwi, hicho chakula cha kalsiamu nyingi hakimfai nyenje mwenyewe kwa muda mrefu, akikila mfululizo anadhoofika na wengine wanakufa, kwa hiyo siku za kawaida wape pumba, shayiri, majani na karoti, kile chenye kalsiamu nyingi kiwe cha siku hizo za mwisho tu. Majani pia chagua, spinachi ina oksalati zinazoikamata kalsiamu isifyonzwe, na chochote kilichopuliziwa dawa ya wadudu kitaua nyenje wako wote au kitafika kwa mjusi.

Unga wa kalsiamu wa kupaka juu ya wadudu nao unasaidia, mimi naona ni lazima viende pamoja, ila mpake pale pale unapompa mnyama maana nyenje anajisafisha, muda mfupi tu unga mwingi umeshapukutika. Na bila vitamini D3, iwe ya kwenye unga au ile ambayo mwili unatengeneza kwa miale ya UVB (ile ya jua au ya taa maalumu), kalsiamu hiyo haifyonzwi vizuri.

Haya, maji. Ukiweka kibakuli cha maji kesho yake utakuta wamekufa humo, kwa sababu mdudu hapumui kwa mdomo, anapumua kwa vitundu vidogo vya ubavuni, na hata maji ya kina kifupi sana yanatosha kuviziba. Lakini ukiwanyima maji wanakufa haraka kuliko kwa njaa, na kabla ya hapo wanatafunana, hasa wale waliotoka kujivua ganda ambao bado ni laini. Wape jeli ya maji, kipande cha karoti au cha chungwa, na uondoe kabla hakijaoza, maana unyevunyevu unaleta ukungu na hewa kali ya amonia inayoweza kumaliza kopo zima, hivyo chombo kiwe kikavu, chenye hewa, na maji yawe ndani ya chakula tu. Hili linamhusu mjusi moja kwa moja, wengi hawanywi vizuri kwenye bakuli, na sehemu ya maji yao inatoka kwa mdudu.

Mabuu ya mbawakawa wa unga ni wavumilivu zaidi, wanaishi kwenye nafaka kavu na mwili wao unapata maji kidogo kwa kuchakata chakula, ila ukiwaongezea karoti wanakua vizuri zaidi. Wa kipekee ni mabuu ya nzi askari mweusi, hao wana kalsiamu nyingi kwenye ngozi yao wenyewe, kwa hiyo kazi yako inapungua.

Na kama kuna nyenje waliobaki kwenye tanki usiku, watoe, na wale wanaokushinda kukamata waachie kipande cha karoti, kwa sababu nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala.