Watu wa insia nao wanatafiti

Kila muhula nalisikia neno hili, na wazazi hulirudia kwenye mahafali: utafiti ni kazi ya watu wa sayansi, sisi wa insia, yaani historia, lugha na fani za aina hiyo, tunasoma vitabu na kutoa maoni. Limenichosha. Mwanafunzi akiliamini ananiletea pendekezo la utafiti lisilo na data hata chembe, kisha anashangaa likirudishwa.

Tazameni mradi wa Majimaji wa mwaka 1968. Idara ya historia ya chuo kikuu pale Dar es Salaam iliwapeleka wanafunzi vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita vya 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, mengi yaliyoandikwa yalitegemea nyaraka za Wajerumani na wamisionari. Wanafunzi wale walirudi na masimulizi ya watu waliovishuhudia vita au kuhadithiwa na wazazi wao. Simulizi likapimwa kwa simulizi jingine, kisha kwa nyaraka. Darubini haikuhitajika, lakini data ipo, mbinu ipo, na yeyote asiyekubaliana na hitimisho anaweza kurudi kwenye maandishi yaleyale akalipinga kwa hoja. Tena jaribio la maabara hurudiwa. Wazee wale hatuwezi kuwahoji tena, wote wameshafariki. Kama wasingefuatwa wakati ule, leo tungebaki na sauti ya mkoloni peke yake.

Ni vivyo hivyo kwa Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotoka mwaka 2009. Hakuna aliyekaa ofisini akaotea lugha gani inazungumzwa wapi.

Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: kabla hujazima kinasa sauti, taja jina la msimuliaji kama ameridhia, kijiji, tarehe na lugha aliyoitumia. Unukuzi, yaani kuyaandika yaliyorekodiwa, uanze jioni ileile, ungali unakumbuka nani alikuwa akikohoa na nani alikuwa akijibu. Rekodi isiyo na maelezo hayo siipokei.

Dhana nyingine potofu kutuhusu ni nyepesi kuzijibu. Eti chuo kikifungwa mhadhiri yuko likizo. Ndipo anaposahihisha mitihani, anaposoma rasimu za tasnifu na kwenda uwandani. Wala si kila mwenye PhD ni profesa. Baada ya mhadhiri kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa, na ngazi hizo hupandwa kwa machapisho yaliyopitiwa na wataalamu wengine.

Na wanaodhani makala ya jarida humtajirisha mwandishi: kwa kawaida halipwi, na mwenzake anayeipitia halipwi pia. Yapo majarida halali yanayotoza ada ya uchapishaji. Lakini jarida linalokuahidi kuikubali makala yako ndani ya siku tatu, ukishalipa, halina aliyeisoma. Usitume fedha. Mwonyeshe kwanza msimamizi wako jina la jarida na orodha ya wahariri wake.