Mali bila daftari: namna ninavyoupata msimbo niliouandika zamani

Msimu mmoja wa machungwa nilipigiwa simu alfajiri na mama mmoja wa Muheza. Nilikuwa nimemtengenezea mfumo mdogo wa kuwaarifu wakulima wake kwa SMS: lori litapita kijiji fulani, siku fulani, saa fulani. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "lakini watu wangu wengi hawakuchuma. Wanasema hawakupata habari." Machungwa yalikuwa yameiva na lori lilikuwa limeshalipiwa. Niliomba radhi, nikafungua kompyuta hata uso sijanawa.

Sababu niliiona upesi. Fanksheni ya kusafisha namba za simu, yaani kipande cha msimbo wa kompyuta kinachoziweka zote katika muundo mmoja, ilikuwa inakubali namba zinazoanza na 07 tu. Za 06 ilizitupa kimya kimya, bila onyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa hilohilo nilishalirekebisha mwaka mmoja kabla, katika kazi ya duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga. Nilipoanza kazi ya machungwa nilikumbuka kwamba fanksheni hiyo ninayo, nikaitafuta kwenye mafolda yangu, nikaibeba nakala ya kwanza niliyokutana nayo. Ilikuwa ile ya zamani, mbovu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye msimbo kuna hasara nyingine juu ya hiyo: mali haikupotea, ipo mara nne, na hujui ipi ndiyo nzima.

Zamani nilidhani dawa ni kupanga mafolda vizuri. Nilikuwa na folda la lugha ya Python, la lugha ya JavaScript, la tarehe, la ripoti. Sasa fanksheni inayosoma tarehe kutoka kwenye SMS ikae wapi? Kwenye tarehe au kwenye ujumbe? Folda linakuuliza swali hilo siku unayohifadhi, wakati kila kitu bado kiko kichwani. Siku ya kutafuta ni miaka miwili baadaye, una shida nyingine, na maneno yaliyo mdomoni mwako ni mengine kabisa.

Kwa hiyo siku hizi nguvu zangu naziweka kwenye maelezo yaliyo juu ya fanksheni. Ya namba za simu yanasomeka hivi: "Husafisha namba za simu za mkononi za Tanzania. Hupokea 07, 06, 255, +255, na namba iliyopoteza sifuri ya mbele. Hurudisha 255 na tarakimu 9. Haishughulikii namba za mezani wala za nchi nyingine. Maneno: simu, SMS, ujumbe haufiki, sifuri zimeliwa. Chanzo: kazi ya duka la dawa."

"Sifuri zimeliwa" ni maneno ya mteja. Aliandika namba za wateja kwenye Excel, programu ikaona ni hesabu, ikaondoa sifuri ya mbele kwa sababu kwenye hesabu haina thamani. Jina la fanksheni nililipa kwa Kiingereza, kama tulivyozoea wengi, lakini mteja akipiga simu haongei lugha ya majina ya fanksheni. Anaeleza shida kwa Kiswahili, na mimi shida huifikiria kwa Kiswahili. Nikiandika maneno yake hapo, nitayapata siku mwingine atakapolalamika vilevile. Katika yote ninayoyasema leo, hili ndilo ningependa ulijaribu kwanza.

Mstari wa "haishughulikii" nao usiuache. Namba za mezani za Tanga huanza na 027, na siku utakapopewa orodha ya ofisi badala ya wakulima, mstari huo utakuzuia kabla hujaharibu.

Maneno yakishakuwepo, chombo cha kutafutia si tatizo. Mimi natumia grep, amri ya kutafuta neno ndani ya mafaili, iliyoandikwa na Ken Thompson na kuonekana kwenye mfumo wa kompyuta wa Unix mwaka 1973. Haihitaji chochote zaidi ya neno na mahali pa kutafuta. Ndani ya mradi unaotunzwa kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, amri ya git grep hupekua mafaili yaliyosajiliwa peke yake. Wengi hawaijui git log -S. Ukiipa neno, inakuonyesha kila badiliko lililoongeza au kupunguza idadi ya mara neno hilo linavyoonekana. Maana yake hata msimbo ulioufuta zamani unaweza kuufuata hadi siku ulipozaliwa na siku ulipoondolewa.

Nakala nzima inakaa sehemu moja tu, hifadhi ya Git ninayoiita ghala. Marekebisho huanzia huko. Ninapobeba kitu kwenda kwenye mradi, naacha mstari juu yake: "kutoka ghala", na tarehe. Nikigundua kosa, grep moja juu ya miradi yote inanipa kila mahali palipobebwa. Nenosiri, funguo za mifumo na data za wateja haviingii ghalani, na kama mkataba unasema msimbo ni wa mteja, naomba ruhusa kwanza.

Je, kila kitu kiwe maktaba ya kusakinisha, yaani kifurushi ambacho miradi yote hukichukua kutoka sehemu moja? Sidhani. Mwezi Machi 2016 kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa npm, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya JavaScript, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Kitu kidogo kisichobadilika, kibebe kwa mkono. Lakini kile kinachofuata kanuni za nje, kama namba za simu au viwango vya kodi, kifanye maktaba, kwa sababu kanuni zikibadilika hutaki kuzunguka miradi mmoja mmoja.

Kila kilichomo ghalani kina majaribio, yaani msimbo mfupi wa kukikagua, hata mawili matatu, kwani jaribio ndilo linaloonyesha kwa mfano kazi inayofanyika. Ninayoyajali zaidi ni ya fanksheni ya saa. "Saa 2 usiku" lazima itoe 20:00. "Saa 7 usiku" itoe 01:00, na hapo tarehe imeshavuka. Mkulima akiandika "Jumatano saa 7 usiku", anasema usiku wa kuamkia Jumatano au wa kuamkia Alhamisi? Nilimuuliza yule mama wa Muheza. Akanijibu: "Mwanangu, hapo hata mimi huwa nampigia simu." Fanksheni sasa haichagui siku yoyote. Inamrudishia mwandishi swali, na jaribio linahakikisha kwamba imeuliza.