Kabla ya kununua kufuli, utazame mlango

Kila mwaka mvua zinapokolea, watu huja karakanani kwetu hapa Mbeya na lalamiko lilelile: "Mwalimu, kitasa kimeharibika." Mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu alikuja na kitasa chenyewe mkononi, ameshaking'oa mlangoni na yuko tayari kununua kingine. Tulikiweka mezani, tukazungusha ufunguo. Ulimi ukatoka, ukarudi, bila kukwama hata kidogo. Kitasa kilikuwa kizima, mlango ndio uliokuwa umebadilika.

Milango mingi ya huku kwetu ni ya paina, na sehemu kubwa ya paina hiyo inatoka kwenye misitu ya kupandwa ya Mufindi. Ni mbao nzuri ikikaushwa vizuri. Tatizo ni kwamba nyingi hupasuliwa leo na kesho ziko kwa seremala, bado zina maji. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi husinyaa jua la Agosti likiupiga, na mvua za Rungwe zikirudi hunywa unyevu na kuvimba. Ulimi wa kitasa uliokuwa unaingia katikati ya tundu la mwimo sasa unagonga ukingoni. Mwenye nyumba anasukuma kwa bega, anakaza ufunguo kwa nguvu, mpaka siku ufunguo unapokatikia ndani. Hapo kitasa kinalaumiwa bure.

Dawa yake si ghali. Tundu la kwenye mwimo liongezwe kwa tupa, milimita mbili tatu tu. Mlango upakwe rangi au vanishi pande zote, hasa kingo za juu na chini ambazo mafundi wengi huziacha kwa sababu hazionekani. Unyevu hupenda kuingilia huko. Na kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie seremala mbao zikauke kivulini kabla hazijaguswa na randa. Atakwambia unamchelewesha. Mcheleweshe.

Nimeanza na mlango kwa makusudi. Watu wanapofikiria usalama wanafikiria kufuli kubwa, zito, linalojaza kiganja. Halafu kufuli hilo linatundikwa kwenye tumbuu, yaani kile chuma cha mlangoni cha kutilia kufuli, iliyoshikiliwa na skrubu mbili fupi kwenye ubao laini. Mwizi hana haja ya kuligusa. Anapenyeza mtaimbo nyuma ya tumbuu, anakandamiza, skrubu zinang'oka na kufuli linabaki linaning'inia, limefungwa vilevile. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua bolti ndefu zinazopenya ubao mzima na kukazwa kwa nati upande wa ndani. Kwenye mlango wa chuma, tumbuu ichomelewe.

Sasa kufuli lenyewe. Yale madogo ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndani yake hayana chochote zaidi ya vijikuta vya bati vinavyozuia ufunguo usiokuwa na umbo lake. Kuta hizo zinaweza kukwepwa na ufunguo mwembamba uliochongwa pande zote, ule ambao mtaani unaitwa ufunguo malaya. Kufuli la aina hiyo linafaa kwenye banda la kuni, au tranka la mwanafunzi lenye daftari na sabuni. Lisikae kwenye stoo ya mpunga.

Makufuli mengi mazuri kidogo yanatumia pini. Wazo hili ni la kale sana: Wamisri walikuwa na makufuli ya mbao yenye vijiti vinavyodondokea ndani ya komeo miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Mmarekani Linus Yale Mdogo ndiye aliyelifanya liwe dogo la kutoshea mfukoni, akapata hataza mwaka 1861, na silinda tunazotumia leo ni watoto wa kazi yake. Ndani kuna mstari wa vishimo, kwa kawaida vitano au sita. Kila kishimo kina vipini viwili, yaani pini ndogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikisukumwa na springi. Bila ufunguo, vipini vimekatiza mpaka kati ya silinda ya ndani na ganda la nje, hivyo silinda haizunguki. Meno ya ufunguo yanapoingia, kila pini inainuka kwa kimo chake, na pale vipini viwili vinapokutana panalingana sawasawa na mpaka ule. Vyote vikilingana kwa wakati mmoja, silinda inazunguka. Jino moja likiwa limelika kwa robo ya milimita tu, unaweza kukesha nje.

Ndiyo maana vumbi ni adui. Kule Usangu na Chunya vumbi linaingia kwenye vishimo, na mtu anamimina mafuta ya kupikia. Kwa wiki moja ufunguo unateleza. Baada ya hapo mafuta yanashikana na vumbi, yanakuwa tope, na pini hazirudi chini. Tumia unga wa risasi ya penseli. Kwangua risasi laini, pakaza kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Kwa upande wa mvua, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kitundike juu ya kufuli kama kikofia. Wenye maduka wengi hufanya hivyo, na wanafanya vema.

Jambo jingine la dukani: nenda na sumaku. Kufuli la shaba nyeupe haliliwi na kutu mwilini mwake, ndiyo maana linapendwa maeneo ya mvua. Lakini yapo yaliyopakwa rangi ya shaba tu na ndani ni chuma. Gusisha sumaku kwenye mwili wa kufuli, usiguse upinde wa juu, maana upinde ni chuma hata kwenye makufuli halisi. Sumaku ikishika mwili, hiyo ni rangi. Kisha angalia upinde wenyewe. Ukishafungwa, nafasi inayobaki ndani yake iwe ndogo kiasi kwamba mtaimbo hauwezi kupita. Upinde mrefu unaocheza ni mwaliko.

Hakuna kufuli lisilofunguka. Mwaka 1851 fundi wa Kimarekani, Alfred Hobbs, alikwenda London kwenye maonyesho makubwa ya viwanda akafungua kufuli la Joseph Bramah ambalo lilikuwa limewekwa dirishani tangu 1790 na zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanyika katika siku 16. Mimi nalisifu kufuli lile kuliko ninavyomsifu Hobbs. Saa 51! Hakuna mwizi wa usiku Mwanjelwa mwenye saa 51. Unachonunua dukani ni muda: dakika za kutosha mbwa abweke, jirani aamke, mlinzi azunguke. Ndiyo sababu kufuli likiwa mahali pa wazi na penye taa lina thamani kuliko lilelile likiwa nyuma ya nyumba gizani.

Turudi kwenye kitasa cha mlango wa nyumba. Vingi vina ndimi mbili. Ulimi wa juu umekatwa mshazari na unasukumwa na springi. Huo ndio unaolia "tak" unapobamiza mlango na kurudi unapokandamiza mkono wa kitasa. Ulimi wa chini ni mraba na unatolewa na ufunguo peke yake. Wa juu kazi yake ni kuzuia mlango usipeperushwe na upepo. Kipande chembamba cha plastiki ngumu kinaweza kuurudisha. Wa chini haurudi namna hiyo. Kwa hiyo anayebamiza mlango na kwenda sokoni hajafunga, hata kama nje hakuna mkono wa kufungulia. Ufunguo uzungushwe mpaka mwisho.

Vitasa vya ufunguo mrefu, vile vilivyojaa kwenye nyumba zetu, vinafanya kazi kwa leva, yaani vibamba vya chuma vilivyolala ubavu kwa ubavu. Mwingereza Robert Barron alivumbua mwaka 1778 mpangilio ambao kila kibamba lazima kiinuliwe kwa kimo chake hasa. Kikizidi kinafunga, kikipungua kinafunga. Muulize mwenye duka kitasa kina leva ngapi. Chenye leva mbili kina funguo za aina chache sana, na si ajabu ufunguo wa jirani ukafungua kwako. Kiweke kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mlango wa nje unastahili leva tano, au kitasa cha silinda.

Silinda ina faida moja ambayo wapangaji wanapaswa kuijua. Mpangaji aliyetangulia akiondoka na nakala ya ufunguo, huhitaji kubadilisha kitasa kizima. Elewana na mwenye nyumba, fungua skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, chomoa silinda, upeleke dukani upimiwe urefu, weka mpya. Ni kazi ya dakika kumi. Hakikisha tu haichomozi nje ya bamba lake zaidi ya milimita 3, maana inayochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa katikati.

Vijana wa bodaboda, kufuli la usukani linalokuja na pikipiki linazuia kugeuza usukani, halizuii kubeba. Watu wawili wanainua pikipiki na kuipakia kwenye kirikuu. Ongezeni mnyororo unaopita kwenye gurudumu na kuzunguka nguzo au mti, na usilazwe chini. Mnyororo uliolala kwenye zege unapigwa nyundo kirahisi kuliko unaoning'inia.

Kufuli la namba halihitaji maelezo marefu. Lenye tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000, mtu mvumilivu anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lenye nne lina 10,000. Badilisha zile sifuri ulizonunua nalo. Droo za ofisi na makabati ya faili yanatumia vibati vyembamba badala ya pini, yanazuia macho ya wapita njia, hayazuii mwizi. Ile lakiri mnayoiona kwenye malori yanayopanga foleni Tunduma nayo watu huichanganya na kufuli. Yenyewe imewekwa ili ikikatwa ijulikane.

Vitasa vya umeme vya kadi na kidole vimeshaingia kwenye nyumba za wageni na ofisi zetu. Swali la kumuuliza fundi ni moja: umeme ukikatika kinafunguka au kinabaki kimefungwa? Kile cha sumaku kinaachia mlango mara umeme unapoondoka, kwa hiyo kinahitaji betri. Vingine hubaki vimefungwa kwa nje, na hivyo lazima viwe na mkono wa kufungulia kwa ndani usiotegemea umeme kabisa.

Hapo kwenye "kwa ndani" ndipo ninapoomba kila msomaji asimame nami kidogo. Huku kwetu ni baridi. Juni na Julai watu wanalala na jiko la mkaa chumbani, wakati madirisha yamefungwa, yana nondo, na mlango wa grili una kufuli kwa ndani. Ufunguo uko kwenye mfuko wa koti la baba, na koti liko chumba kingine. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na moto ukishika pazia, moshi unaziba macho kabla hujafika mlangoni. Jiko lilale nje. Mlango wa kutokea usiku ufungwe kwa komeo au kitasa kinachozungushwa kwa mkono bila ufunguo. Kama ni lazima liwe kufuli, ufunguo wake utundikwe karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa nje ukipenya haufiki na mtoto wa ndani anafika. Grili moja ya dirisha katika kila upande wa nyumba iwe na bawaba. Walimu na matroni, bweni lenye watoto lisitiwe kufuli kwa nje hata kwa saa moja, hata kama wamezoea kutoroka. Wekeni mlinzi.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, zima taa zote na umwambie mtoto wako mkubwa afungue mlango wa nje akiwa gizani. Mhesabie. Akishindwa kabla hujafika thelathini, kesho hamisha ufunguo au ubadilishe komeo, na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.