Je, wajua kwa nini mtu wa hasira za karibu anaambiwa ana harara?

Kuna watu ukimuuliza tu "mbona kimya leo?" anakurukia "kwani kuna nini, we unataka niseme nini?" na hapo hata salamu hamjamaliza. Wa hivyo ndo wanaoambiwa wana harara, na ukishangaa kidogo utakumbuka kwamba harara ndo hivyohivyo vipele vya joto vinavyomtoka mtoto shingoni na kwapani.

Neno lenyewe asili yake Kiarabu, na huko maana yake ni joto basi. Kwenye Kiswahili likabeba joto la mwilini, likabeba vipele, likabeba na hasira inayopanda fasta. Na maana hizo hazijakaa pamoja kwa bahati tu, maana vile vipele vinatokea hivi: jasho linatoka kwa wingi, vijitundu vyake vinaziba, linakosa pa kupita linabaki chini ya ngozi, ngozi inavimba inaanza kuwasha na kuchomachoma, sasa hapo hata kola ya shati ikigusa tu ni kero. Kosa sio la kola. Mtu wa harara naye ndo hivyo, wewe umemgusa kidogo tu ila yeye tayari alikuwa anawaka.

Ila lina majirani zake, watu wanayachanganya. Hamaki ni ule mlipuko wenyewe, hata mtu mpole kabisa anaweza kuhamaki siku moja akichokozwa sana, wakati harara ni tabia ya mtu (na ukisikia "kuja kuhamaki, kumbe watu wameshaondoka", hapo hamna hasira yoyote, ni kushtukia tu). Gubu ni la yule anayenuna na kulalamika kutwa nzima, huyo halipuki, anakuchosha taratibu, na mimi bora nikae na wa harara mara kumi maana yeye akishafoka anapoa. Kisirani je? Hicho mtu anaamka nacho, anatafuta pa kukitua, na wengine wanakitumia kwa maana ya mkosi kabisa.

Kwenye sentensi utasema "fulani ana harara" au "acha harara zako". Vijana mitandaoni siku hizi wanaandika "punguza makasiriko", ila hilo ni la utani zaidi, unaweza kumwambia hata mtu ambaye hajakasirika, unamchokoza tu.