Seli za retina haziandikiwi kazi toka mwanzo

Mi nashinda na retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) za vijusi vya panya, na dhana ninayokutana nayo sana ni kwamba kila seli tangulizi (ile inayogawanyika kuzaa seli nyingine za retina) ilishapangiwa kazi yake mapema, hii ya kuona rangi, ile ya kupeleka habari kwenye ubongo. Sio hivyo kabisa. Mwaka 1987 watafiti Turner na Cepko walitia alama seli moja moja za panya kwa kutumia virusi, wakakuta seli moja inazaa mchanganyiko, hata wale pacha wa mgawanyiko wa mwisho mmoja anaweza kuwa rodi (seli ya kuona kwenye mwanga hafifu) na mwenzake seli ya Müller (seli saidizi ya seli za neva)!

Ukiweka retina changa chini ya darubini utaona kiini cha seli hakitulii: DNA inanakiliwa kikiwa upande wa ndani, halafu kinapanda mpaka ukingo wa nje, karibu na ule utando mweusi unaofunika retina kwa nje, na kugawanyika kunafanyika hapohapo tu, ndo maana seli zinazogawanyika utazikuta zimevimba duara na kujipanga mstari mmoja.

Sasa nani anatoka kwenye mzunguko wa kugawanyika na nani anabaki? Hapo ndo pananivutia kuliko pote. Seli inayoanza kuelekea unyuroni (kuwa nyuroni, yaani seli ya neva) inaweka protini ya Delta juu ya utando wake, Delta inagusa Notch, kipokezi kilicho juu ya seli jirani, jirani anawasha jeni ya Hes1 na jeni za unyuroni kwake zinazimwa, kwa hiyo anaendelea kuwa tangulizi. Ukiizima Notch mapema, seli zinakimbilia unyuroni kwa pamoja, unapata koni (seli za kuona rangi) na ganglioni (seli za kupeleka habari kwenye ubongo) kibao, halafu wa kuzaa aina za baadaye hawapo tena.

Maana muda nao una amri yake. Ganglioni zinatangulia, zinafuata horizonto, koni na amakrini (horizonto na amakrini ni nyuroni za kuunganisha ndani ya retina; zote zinaingiliana sana, msikariri kama foleni), rodi nyingi na bipola (zinazopitisha habari toka rodi na koni) ni baadaye, Müller ni za mwisho. Ganglioni zinahitaji jeni ya Atoh7, panya akiikosa nyingi sana hazizaliwi na neva ya jicho haijengeki.

Na hizo Müller kwa samaki pundamilia (zebrafish) retina ikiumia zinawasha jeni ya Ascl1, zinarudi kugawanyika na kuzaa nyuroni upya. Kwa panya mkubwa hazifanyi hivyo zenyewe, ila maabara zimeshapata nyuroni chache kwa kuilazimisha Ascl1 na kulegeza kromatini (DNA pamoja na protini inazozungushiwa) kwa dawa, na huko ndo mi naona tukazane.