Divisheni wani, na bado hana sifa: dhana potofu kuhusu kuingia udaktari wa meno

Ikifika Julai simu yangu hailali. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wanafunzi niliowafundisha Kemia hapa Dodoma, na wazazi wao, hunitafuta kwa swali moja: "Mwalimu, kwa matokeo haya, meno tunapata?" Wanamaanisha shahada ya udaktari wa meno, ile ya miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini baadaye. Wengi wanakuwa wameshajijibu kabla ya kunipigia, na kipimo walichotumia sicho. Nimeona watoto wenye sifa wakikata tamaa bure, na wengine wasio na sifa wakichinjiwa mbuzi. Ndiyo maana naandika.

"Ana divisheni wani, kwa hiyo anaingia"

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwaka mmoja mama wa Nkuhungu alikuja kwangu jioni na binti yake, wameshika mfuko wa zabibu. Mama alianza kushukuru tangu mlangoni. Binti akaweka simu mezani, kioo kimepasuka kwenye kona, na matokeo yakasomeka: divisheni I, pointi 9. Baiolojia A, Kemia B, Fizikia S.

Nilipoiona ile S nilinyamaza, na binti akajua kuna neno.

Pointi za divisheni ni hesabu ya Baraza la Mitihani, NECTA. Huko A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa pointi za masomo matatu ya tahasusi, na anayepata chache ndiye bora. Kuanzia 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 ni tuu. Binti alikuwa na 1, 2 na 6, jumla 9. Divisheni wani halali kabisa.

Udahili wa chuo kikuu una hesabu yake, inayofuata mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na inakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapa anayepata nyingi ndiye bora. Tena kabla ya kujumlisha chochote kuna sharti la kwanza: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, yawe na ufaulu wa prinsipo, yaani kati ya A na E. S ni subsidiari. Inatolewa kwa alama 35 hadi 39, na E inaanzia 40. Ile S ya Fizikia ilimtenga binti yule na fomu ya meno, na divisheni wani yake haikuweza kumsaidia hata kidogo.

Darasa hilohilo alikuwepo kijana aliyepata Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Kwa NECTA ni 3, 3 na 4, jumla 10, divisheni tuu. Nyumbani kwao hawakusherehekea, na yeye alishaanza kuulizia kozi nyingine. Lakini alikuwa na prinsipo tatu na pointi 8 za TCU. Yeye alikuwa na haki ya kuomba meno.

Kwa hiyo ukipokea matokeo, anza kusoma masomo, kisha gredi, kisha jumlisha pointi za TCU. Divisheni iache mwisho. Na BAM (hesabu za ziada kwa wa sayansi) na General Studies hazimo kwenye hesabu ya divisheni, ingawa nimekuta wazazi wakilia kwa sababu ya F ya BAM.

Binti wa Nkuhungu nilimwambia ukweli palepale, kwa sababu kumficha kungemgharimu ada za maombi na miezi ya kusubiri. Baiolojia na Kemia zake zilikuwa na pointi 9 kwa masomo mawili, zinazomfungulia shahada nyingi za sayansi. Kama meno ndiyo moyo wake, angeweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kukiuliza chuo anachokitaka wanavyopokea matokeo ya mitihani miwili. Aliuliza swali moja tu: "Fizikia ya kidato cha tano madaftari ninayo, Mwalimu, nianzie wapi?"

"Nimefika kiwango cha chini, nafasi yangu ipo"

Kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kuhesabiwa, basi. D tatu zinafanya pointi 6, na mwenye nazo atawekwa kwenye foleni moja na wenye A na B, kisha foleni inapangwa kwa ufaulu. Walioko juu wanachukuliwa hadi nafasi ziishe.

Kitabu cha mwongozo cha TCU hutolewa kila mwaka, na mbele ya kila kozi kuna idadi ya wanafunzi itakayochukua. Wanafunzi wangu wengi husoma safu ya sifa na kuiruka hiyo, wakati ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa mlango. Soma kitabu cha mwaka unaoomba. Cha kaka yako aliyeingia chuo miaka mitatu iliyopita kinaweza kukupoteza, kwa sababu sifa hubadilika na kozi huongezeka.

Mimi nina kipimo changu, nilichokipata kwa kukaa na waombaji. Sicho sheria ya chuo chochote. Mwenye pointi 12 na zaidi, yaani kuanzia B tatu, namwambia aombe meno kwa kujiamini, na bado aweke kozi nyingine mbili anazozitaka kweli. Mwenye 9 hadi 11 namwambia aombe, ila ajue anashindana na wengi waliomzidi, kwa hiyo kozi yake ya pili aichague kwa makini kama ya kwanza. Chini ya 9 simkatazi. Namwomba tu asiweke mwaka mzima juu ya jibu hilo moja. Wote nawahimiza waombe dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, maana kozi zenye ushindani hujaa mapema.

"Meno ni kwa waliokosa udaktari"

Hapana. Hesabu yenyewe inakataa. Udaktari wa binadamu unafundishwa vyuo vingi nchini: Muhimbili, Bugando, KCMC, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwingineko. Udaktari wa meno ulianzia Muhimbili mwaka 1979, na kwa miaka mingi hakukuwa na mahali pengine pa kuusomea nchini. Hata leo, wakati UDOM nayo ina shule ya tiba na udaktari wa meno kwenye vilima vyake hapa mjini, vyuo vya kuomba ni vichache. Anayekosa udaktari kwa sababu ya ushindani akakimbilia meno, anahama kutoka mlango mpana kwenda mwembamba.

Muda nao ni uleule, miaka mitano, na anatomia, fiziolojia na baiokemia zinakusubiri vilevile. Kama huna hamu ya kuinamia mdomo wa mtu kwa saa nzima ukitafuta mfereji wa mzizi wa jino, usiombe kwa kuziba pengo.

"Lazima nifanye DAT, tena niwe na saa za kumfuata daktari"

Hii inaletwa na simu. Kijana anatafuta usiku, anakuta ushauri mrefu wa Kiingereza, asubuhi ananiuliza DAT inafanyikia wapi Dodoma. DAT ni mtihani wa kuingilia shule za meno, unaosimamiwa na chama cha madaktari wa meno wa Marekani, na kule wengi huingia shule ya meno wakiwa tayari na shahada ya kwanza. Ule mtihani una hata sehemu ya kupima jinsi unavyoona maumbo. Sisi tunaingia kutoka kidato cha sita, kwa matokeo ya NECTA. Ukitaka kwenda kliniki ya meno ya hospitali ya mkoa ukaombe kutazama kazi, nenda, utajifunza kama unaiweza. Pointi hazitaongezeka.

"Mwenye meno ya kahawia hawezi kuwa daktari wa meno"

Msichana aliyetoka kijiji kimoja cha Singida aliniambia jambo hili mkono ukiwa mdomoni. Miaka miwili darasani kwangu sikuwahi kumwona akicheka bila kujiziba. Alikuwa na A ya Kemia na aliogopa kwamba chuo kitamwangalia meno.

Hakuna sifa ya namna hiyo popote kwenye mwongozo. Madoa yale husababishwa na floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa, wakati meno yanapojijenga ndani ya fizi utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vya Singida na vya Bonde la Ufa vinavyopita hapo. Kupiga mswaki hakuyaondoi, na aliyenayo hakuyapata kwa uchafu. Nilimwambia kwamba wagonjwa wa kwao watahitaji daktari anayeielewa hali hiyo kutoka ndani. Akaomba.

"Stashahada inakufungia"

Kuna vyuo vinavyofundisha matabibu wa meno, Tanga na Mbeya vikiwamo, na unaweza kuanza kwa matokeo ya kidato cha nne yenye ufaulu wa masomo ya sayansi, kwa utaratibu wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Mwenye stashahada ya fani hiyo na GPA (wastani wa ufaulu) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, mradi masomo yake ya sayansi ya kidato cha nne yatimize masharti ya chuo. Njia ni ndefu, ila huko utang'oa meno kwa mikono yako kabla hujasoma shahada, na una ajira ukiwa unasubiri.

"Bila kujuana hupati"

Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni kwa mtandao, na majina ya waliochaguliwa hupitiwa na TCU. Ada ya maombi inalipwa kwa kontroo namba. Mtu akikutaka utume pesa kwenye namba yake binafsi ili "asukume jina", huyo ni tapeli, hata kama ni rafiki wa mjomba.

Kinachowapotezea watu nafasi mara nyingi ni kitu kidogo zaidi. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unapaswa kuthibitisha kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyojaza. Kijana wangu wa C, C na D aliomba kwenye duka la stesheneri, na mwenye duka alijaza namba yake mwenyewe ili "amrahisishie". Vyuo viwili vilimchukua. Kimoja kilikuwa cha meno. Ujumbe ulikaa siku tatu kwenye simu ya mtu mwingine, na tulipokwenda tukakuta duka limefungwa, mwenyewe yuko msibani Mpwapwa. Tulipata namba yake kwa muuza chipsi wa jirani. Akatusomea tarakimu moja moja, mtandao unakatika, kijana anaziandika kwenye kiganja kwa kalamu ya kuazima. Tulithibitisha jioni hiyohiyo, siku moja kabla ya dirisha kufungwa.