Ukiwa peke yako TANZAM, pima njia ya mlima kwa saa

Kazi yangu ni kuongoza watu milimani. Wanaoendesha peke yao kwenye TANZAM, barabara kuu ya Tanzania hadi Zambia, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huniuliza wapi wanaweza kuegesha gari, wapande kidogo, warudi kabla ya giza. Wengi tayari wameshatafuta kwenye simu na kuchagua njia yenye kilomita chache. Kilomita hazitoshi. Njia ya kilomita tatu tambarare na njia ya kilomita tatu inayopanda mita 400 ni safari mbili tofauti kabisa.

Wapanda milima wengi bado hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo ile njia ya pili inakula kama saa moja na robo kwenda tu, na Naismith hakuhesabu mapumziko wala tope la msituni. Mimi huongeza nusu ya muda huo, hasa kwa mtu aliyetoka kushika usukani tangu alfajiri. Kwenye ramani ya simu, washa mistari ya mwinuko. Ikibanana, hapo pana mwinuko mkali kama ukuta. Pakua ramani hiyo ukiwa mjini, kwa sababu mtandao hukatika pale pale unapouhitaji.

Chukua mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Unaiacha barabara kuu pale Mikumi mjini, unafuata njia ya Ifakara takriban kilomita 60 hadi Mang'ula. Ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari. Kila kitu ni kwa miguu, na utapewa mtu wa kukuongoza. Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, yanahitaji kama saa nne. Ukifika mchana umechelewa, chukua njia ya Prince Bernhard iliyo jirani na lango. Ni fupi mno na bado unaweza kukutana na mbega wekundu. Kuna jambo ambalo ramani haikuambii: Mang'ula iko upande wa mashariki wa milima, hivyo jua hujificha nyuma ya mlima mapema, na chini ya miti giza huingia wakati barabarani bado kunaonekana vizuri. Baada ya saa nane mchana mimi siwapeleki watu Sanje.

Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kuelekea Mbeya, ni ya dereva aliyechoka. Unashuka korongoni kati ya nguzo za mchanga, mahali zilipochimbuliwa zana za mawe za kale. Nenda asubuhi, adhuhuri joto ni kali.

Ngozi, karibu na Tukuyu, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mlima una kama mita 2,620 juu ya usawa wa bahari, msitu ni mnene, na wilaya hiyo ya Rungwe hupata mvua nyingi, kwa hiyo udongo huteleza. Mwisho wake ni mwinuko mkali, kisha ghafla ziwa liko chini yako ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Ishia ukingoni. Chukua kijana wa kijijini akuongoze, na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka.

Kabla ya kutembea, mtumie ndugu ujumbe: jina la njia, gari liko wapi, saa ya kugeuka, saa ya kumpigia ukisharudi. Saa ya kugeuka ikifika, geuka hata kama kilele kinaonekana. Gari liache langoni au kwenye uwanja wa mtu uliyempigia hodi na kumsalimia. Huyo ndiye atakayegundua kwamba hujarudi.

Mvua ikikuzuia Ngozi, nenda Daraja la Mungu, tao la mwamba wa volkano juu ya mto Kiwira. Matembezi yake ni machache. Kijungu, shimo la mwamba ambamo maji ya mto huohuo huingia, hakiko mbali, ila kimo ndani ya eneo la chuo cha Magereza, hivyo jiandikishe kwanza getini.